Sindano safi hazimtii mtu moyo wa kujidunga: jibu kwa mleta mada

Mleta mada, umeuliza mambo mawili. Kwanza, kumpeleka mdogo wako kwenye kituo kinachogawa sindano si kumbariki aendelee na unga, yaani heroini? Pili, si afadhali umfungie ndani hadi arosto, yale mateso ya kukosa unga, imwishe? Nimekaa miaka kadhaa upande wa pili wa meza ile ya kugawa vifaa, kwa hiyo nakujibu kwa niliyoyaona.

Sijawahi kumpokea mtu aliyeanza kujidunga kwa sababu kuna mahali wanagawa mabomba ya sindano. Anayefika pale alishaanza zamani. Asipopata jipya hasemi "basi leo napumzika". Anachukua la mwenzake, au anarudia lile la jana ambalo ncha yake imeshakuwa butu. Na wala huduma hii haikubuniwa na wazungu wa ofisini wenye huruma ya kupita kiasi, kama mdau mmoja alivyodai hapo juu. Amsterdam, mwaka 1984, chama cha watumiaji wenyewe ndicho kilichoanza kupokea sindano zilizotumika na kutoa mpya, maana homa ya ini aina B ilikuwa inawamaliza. Tangu hapo tafiti za nchi nyingi zimekuja na jibu lilelile: maambukizi ya VVU yanashuka, na idadi ya wanaojidunga haipandi kwa sababu ya huduma.

Ngoja nikupe picha moja ya pale mezani. Kijana alikuja na chupa ya plastiki imejaa sindano zilizotumika, akaiweka mezani huku macho yako mlangoni. Mhudumu mgeni akataka kuzimwaga azihesabu, ampe mpya kwa idadi ileile. Mwenzangu mzoefu akamzuia: tia chupa nzima kwenye kisanduku cha taka kali, hakuna wa kuchomwa hapa leo. Kisha akamuuliza kijana, "Za wiki nzima unahitaji ngapi?" Akataja. "Hizo ni zako peke yako?" Kimya. Baadaye akasema yupo na mwenzake, mwanamke, ambaye hataki kuonekana mahali kama pale. Akapewa za wawili.

Mambo mengi ya huduma hii yamo kwenye maswali hayo mawili. Ile kanuni ya moja kwa moja, rudisha moja uchukue moja, inapendeza kwenye daftari lakini mtu anabaki na pengo. Shirika la Afya Duniani lenyewe liliweka lengo la sindano 300 kwa kila anayejidunga kwa mwaka ifikapo 2030, na hata hiyo ni chini ya moja kwa siku, wakati wengine wanajidunga mara tatu au nne. Ukienda kukagua kituo cha huko kwenu, usiulize wangapi wameacha. Uliza kama wanatoa za kutosha bila kuhoji sana, na kama mtu aliyekwenda juzi alirudi tena.

Sasa jambo ambalo wengi hawalijui, hata wanaojidunga. Utamsikia anaapa, "Mimi sindano sichangii na mtu." Kweli hachangii. Lakini kijiko cha kuyeyushia ni kimoja, maji ya kikombe kimoja, na kipamba cha kuchujia kinakamuliwa zamu kwa zamu. Homa ya ini aina C inapita hapohapo. Virusi vyake ni sugu balaa: maabara vimekutwa vikiwa hai ndani ya bomba baada ya siku 63. Ndiyo maana kituo kinachojua kazi kinatoa pakiti nzima: bomba, kijiko, kichujio, maji safi, kitambaa cha spiriti. Spiriti ni ya kupaka kabla ya kuchoma. Baada ya hapo bonyeza kwa pamba kavu, spiriti inachelewesha damu kuganda. Abadilishe sehemu za kuchoma. Akiona uvimbe mwekundu unaochoma moto, aende mapema, asisubiri jipu lipasuke. Na akipimwa akakutwa na aina C, mjue siku hizi inatibika kwa vidonge vya wiki 8 hadi 12, na zaidi ya 95 kwa mia wanapona.

Naloksoni, dawa ya kumzindua aliyezidisha heroini, ni lazima uwe nayo, wewe mwenyewe, si yeye tu. Aliyezidisha heroini hawezi kujichoma. Dalili ni hizi: haamki ukimwita kwa nguvu na kumsugua kifua kwa vifundo vya vidole, midomo inageuka bluu, mboni zimekuwa kama tundu la sindano, na anakoroma kwa namna isiyo ya usingizi. Nimeona watu wanamwagia mwenzao maji ya baridi, wanampiga makofi, mmoja alitaka kumdunga maji ya chumvi. Acheni. Ita msaada, mpe naloksoni, mpulizie pumzi mdomoni maana kinachomuua ni kukosa hewa, na baada ya dakika mbili au tatu kama hajashtuka mpe nyingine. Akizinduka atakutukana kwa sababu arosto inampiga papo hapo, vumilia. Usimwache aende zake: naloksoni inaisha nguvu ndani ya dakika 30 hadi 90, na unga au methadoni (dawa anayopewa mtu badala ya heroini) bado vimo mwilini.

Kuhusu methadoni nitasema kidogo, daktari wake atamweleza zaidi. Ipo kwenye tiba ya heroini tangu miaka ya 1960, na toka 2005 imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani pamoja na buprenofini, dawa nyingine ya kazi hiyohiyo. Inaanza kwa dozi ndogo na kupandishwa polepole. Wengi wanatulia kati ya miligramu 60 na 120. Ukisikia mtu anasema "methadoni haikunisaidia", uliza kwanza alikuwa anapewa ngapi. Wiki mbili za mwanzo ni za hatari akichanganya na unga, pombe au vidonge vya usingizi.

Haya, la kumfungia. Naelewa kwa nini unalifikiria, umechoka. Tatizo ni kwamba mwili ukikaa wiki kadhaa bila unga, usugu wake wa kuhimili unga unashuka, lakini hamu haishuki. Siku ya kutoka atajidunga kipimo chake cha zamani, na kipimo kile sasa kinaua. Hivyohivyo ndivyo watu wanavyofariki siku za mwanzo baada ya kutoka gerezani au kwenye nyumba za nafuu (sober house). Akitaka mwenyewe kuacha, msindikize, tena kwa moyo wote, ila apitie kwa wenye methadoni kwanza. Na hata akishapumzika muda mrefu, mwambie bila kuzungukazunguka: ukirudia, anza na kidogo sana, usiwe peke yako, mlango usifungwe kwa ndani, na naloksoni iko droo fulani.