Protini inasoma kichwa, si mkia

Ndugu, umeuliza protini inatambuaje utando wake wakati lipidi, yaani molekuli za mafuta zenye kichwa na mkia zinazojenga utando huo, karibu zote zina mikia inayofanana. Mkia hauisaidii sana, inasoma kichwa. Chukua domeni ya PH, kipande cha protini chenye amino asidi (vijenzi vya protini) 100 na ushee. Ina kishimo kilichozungukwa na amino asidi za lisini na arijinini zenye chaji chanya, na fosfati za kichwa cha lipidi iitwayo PIP2, zenye chaji hasi, hukaa humo barabara. PIP2 imejaa zaidi kwenye utando wa nje wa seli. Lipidi nyingine, PI3P, iko kwenye endosomu, vifuko vidogo vilivyo ndani ya seli, na hiyo hudakwa na domeni nyingine, FYVE, yenye ioni 2 za zinki. Mshiko wa FYVE moja ni legelege, ndiyo maana EEA1, protini yenye FYVE, huenda mbilimbili, na ncha zake hujichomeka kidogo ndani ya mafuta.

Mimi kinachonishangaza ni AKT1, protini inayochochea ukuaji wa seli. PH yake kwa kawaida husubiri PIP3, lipidi ya jamii ya PIP2. Badilisha amino asidi moja tu, ile ya 17, glutamati iwe lisini, inaanza kung'ang'ania hata PIP2 na kuwaka bila kuitwa. Badiliko hilo limekutwa kwenye saratani ya matiti.