Addis Ababa: vipuri kwanza, kasi baadaye
Ndugu, umeuliza kama treni za mjini Addis Ababa zingekwenda haraka iwapo zingenunuliwa mpya. Mimi nasema wasianzie hapo. Njia mbili za treni hizo zilifunguliwa mwaka 2015 zikiwa na treni 41, lakini miaka michache baadaye nyingi zilikuwa zimelala karakanani kwa kukosa vipuri, na vipuri vinataka fedha za kigeni. Treni zikiwa chache, abiria hurundikana vituoni, milango huchelewa kufungwa, na dakika zinazopotea hapa zinaongezeka kituo kinachofuata. Huo mwendo wa kobe unatokana na hapo hasa.

Halafu kuna kipande cha katikati ya mji, Meskel Square hadi Lideta, ambako njia zote mbili zinapita juu ya reli ileile. Treni moja ikikwama pale, za nyuma yake zote zinasimama, hata za njia nyingine! Kwa hiyo magurudumu na vipuri kwanza, kisha zamu za kupita kipande hicho zipangwe na zifuatwe kwa dakika. Anayetoka Kality, kusini mwa mji, alfajiri kwenda kazini anataka kujua treni inafika saa ngapi, hata kama haikimbii sana.