Kisu cha Kale Usikipeleke kwa Fundi wa Grinda

Kuna msomaji wa Tanga aliyeniandikia wiki hii. Amerithi kwa babu yake kisu cha kuwindia: mpini wa pembe, ala ya ngozi iliyokakamaa, bapa lenye madoa ya kahawia na chapa iliyofifia karibu na mpini. Anataka kiwe cha kwanza katika mkusanyiko wake. Fundi wa mtaani amemwahidi kukipitisha kwenye grinda hadi king'ae, naye anauliza kama akubali. Asikubali. Namjibu hapa hadharani kwa sababu swali hili halikomi, na visu vinavyoharibiwa kwa njia hii hakuna awezaye kuvirudisha.

Grinda huharibu mambo matatu kwa dakika mbili. La kwanza ni ugumu wa chuma. Bapa la kisu kizuri lilipashwa moto hadi likawa jekundu, likazimwa ghafla, kisha likapashwa tena polepole, karibu nyuzi 200 za Selisiasi, ili lisiwe la kumeguka. Jiwe la grinda linazipita nyuzi hizo kwa sekunde chache tu, hasa kwenye makali membamba. Ukiona rangi ya samawati kwenye ncha, joto lilikaribia nyuzi 300 na ugumu wa hapo umekwisha. Utakinoa leo, kesho ni butu. La pili ni chapa. Alama ya mtengenezaji ina kina kidogo sana, na ikifutika kisu kinabaki bila jina. La tatu ni umbo. Milimita mbili zikiondoka upande wa makali, bapa linakonda, na mkunjo wake kuelekea ncha haulingani tena na ule wa kiwandani. Mnunuzi mwenye jicho huliona hilo kabla hajakishika.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kusoma. Laza tochi ubavuni mwa bapa ili mwanga upite juu juu. Herufi ambazo hukuziona mchana zitajitokeza kwa kivuli chake. Piga picha. Chapa huwa kwenye kitako cha bapa, ile sehemu isiyonolewa inayopakana na mpini, na kwenye visu vya kukunja inakubidi ufungue bapa nusu ili uione yote.

Hapa ndipo penye utamu wote wa shughuli hii, maana chapa inakupa umri bila kubahatisha. Visu vya Case vya Marekani vilipigwa CASE XX kuanzia 1940 hadi 1964, kisha CASE XX U.S.A. kuanzia 1965 hadi 1969. Mwaka 1970 wakaweka nukta 10 chini ya chapa, na kila mwaka wakaondoa moja, hadi 1979 ikabaki moja. Namba yao ya modeli nayo inasomeka: 6254 ina maana ya mpini wa mfupa (6), mabapa mawili (2), na muundo namba 54. Muuzaji akikuletea 6254 yenye mpini wa plastiki laini, jua kuna kitu kimebadilishwa. Kwenye visu vya Buck, kampuni nyingine ya Marekani, tazama alama ndogo karibu na namba ya modeli. Tangu 1986 alama hiyo hutaja mwaka. Kisu cha askari wa Uswisi cha modeli ya 1961, chenye mpini wa alumini, kina tarakimu mbili za mwaka kwenye kitako cha bapa: 67 ni 1967. Na jina Victorinox lilianza kutumika 1921, kwa hiyo yeyote anayekuuzia Victorinox "ya wakati wa Vita Kuu ya Kwanza" anakudanganya, hata akiapa.

Kwa visu vya Ujerumani tafuta neno Solingen, mji wa wahunzi ambao jina lake linalindwa na sheria ya huko tangu 1938. Penye maandishi ya W. Germany, kisu ni cha kati ya 1949 na 1990, nchi ilipokuwa imegawanyika. Okapi, kile kisu cha kukunja cha mfukoni, nayo ilizaliwa Solingen, mwaka 1902, ikitengenezwa kwa ajili ya soko la makoloni ya Kijerumani barani Afrika, na Tanganyika, Rwanda na Burundi zilikuwa miongoni mwake. Uzalishaji ulihamia Afrika Kusini mwaka 1988, hivyo Okapi yenye chapa ya Ujerumani ni ya kabla ya hapo. Watu wengi wanakidharau kisu hiki kwa sababu ni cha bei ndogo na kimechafuliwa jina na vibaka. Mimi nakiheshimu. Mpini wa mbao wenye nyota na mwezi wa chuma, pete ya mgongoni ya kuachia bapa, mlio wa meno ya springi: hakuna kisu cha kukunja chenye historia ndefu kuliko hicho katika mifuko ya watu wa eneo letu. Anayetaka kuanza bila fedha nyingi aanze hapo, na atafute mipini isiyopasuka, yenye nyota zake zote.

Wenye visu vya kuwindia vya familia wachunguze pia jina Puma. Kiwanda hicho cha Solingen kilitoa modeli ya White Hunter miaka ya 1950, na kilikinadi kama kisu cha chama cha wawindaji wa kulipwa wa Afrika Mashariki waliokuwa na makao Nairobi. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, lakini visu vilibaki kwenye masanduku ya watu, wakiwemo wapagazi na wapishi wa safari hizo. Bapa la Puma mara nyingi lina kishimo kidogo mno, kama kimetobolewa kwa ncha ya msumari. Kishimo hicho ni alama ya kipimo cha ugumu kilichofanywa kiwandani. Kuna watu wamekisaga ili bapa liwe laini, wakasaga na thamani yake. Inauma kuona.

Sasa usafi. Kwanza kitoe kisu kwenye ala na usikirudishe. Ngozi hunyonya unyevu wa hewa na ina mabaki ya dawa za kuitengenezea; kisu kilichokaa humo huota vishimo vya kutu upande uliogusana na ngozi, na shaba ya kikingio (kile kipande kati ya bapa na mpini kinachozuia mkono usiteleze) na vifungo hutoa uchafu wa kijani unaonata. Huo wa kijani ukwangue kwa kijiti cha mwanzi, halafu pangusa kwa kitambaa kikavu.

Kwenye bapa tofautisha rangi mbili. Kijivu, samawati iliyokolea au weusi ulioenea ni koti ambalo chuma cha kaboni, kile cha kawaida kinachoshika kutu, hujivika kwa miaka mingi ya kazi, na linasaidia kukinga. Liache. Kahawia au nyekundu inayoacha unga kidoleni ni kutu iliyo hai, na hiyo ndiyo ya kuondoa. Weka mafuta ya cherehani juu ya doa, funika kwa kipande cha kitambaa cha pamba, acha saa 24. Kisha kwangua kwa ukingo wa kipande cha shaba au mwanzi uliochongwa bapa. Vyote ni laini kuliko chuma cha kisu, haviachi mikwaruzo. Pangusa, weka mafuta mapya, rudia kesho. Siku tatu au nne hutosha. Kitambaa cheupe kisipotoka na kahawia tena, acha. Vishimo vilivyobaki vibaki.

Usitumie ndimu, siki wala soda. Asidi inakula kutu na koti la kijivu pamoja, inaacha mawingu meupe yasiyotoka. Usitumie majivu, mchanga, msasa, wala waya wa kusugulia masufuria. Na mafuta ya kupikia yakae jikoni: ya alizeti huganda na kuwa gundi kwenye kiungo cha kisu cha kukunja, bapa likagoma kufunguka. Kiungo kilichogoma kioshe kwa mafuta ya taa ukitumia mswaki laini, fungua na kufunga mara kadhaa, futa, kisha tone moja la mafuta ya cherehani. Moja. Yakizidi yanakusanya vumbi, na vumbi linasaga kiungo.

Wenye Opinel, kisu cha kukunja cha Ufaransa, wa pwani wana shida yao ya pekee. Mpini wake ni wa mbao ya mfune wa Ulaya, ambayo huvimba kwa unyevu na kulibana bapa lisitoke. Usivute kwa koleo. Geuza pete ya chuma iliyo shingoni mwa mpini, inayozuia bapa, hadi mwanya wake ulingane na bapa, shika kisu kikiwa kimefungwa, gonga kitako cha mpini juu ya meza, na bapa litachomoza kiasi cha kushikika. Kikishakauka, pakaza mafuta ya mgando ndani ya mwanya. Pete hiyo ya kuzunguka ilianza 1955, hivyo No. 8 isiyo nayo na isiyo na dalili ya kung'olewa ni ya zamani zaidi. Opinel ni mkusanyiko mzuri kwa anayependa kuumaliza: saizi za kawaida ni kuanzia No. 2 hadi No. 12, na No. 11 iliachwa zamani.

Kuhusu kutunza, wa Tanga, Mombasa na Unguja hawawezi kufuata ushauri wa watu wa Ulaya. Hewa yenu mara nyingi ina unyevu wa zaidi ya asilimia 70, na chuma cha kaboni kikiachwa na alama ya kidole chenye jasho kinaweza kuota kutu kabla ya kesho. Kila ukishakishika, kipanguse. Tumia chombo cha plastiki cha jikoni chenye mfuniko unaobana, cha lita 5, tia gramu 50 za silika, zile punje zinazowekwa kwenye maboksi ya viatu na kamera. Lengo ni unyevu wa asilimia 40 hadi 50. Chini ya hapo mbao, mfupa na pembe hupasuka. Kipimo kidogo cha unyevu si ghali, kiweke humo. Punje zikishiba, zianike kwenye oveni kwa nyuzi 120 muda wa saa mbili. Kila kisu kifungwe peke yake kwenye kitambaa cha pamba chenye mafuta kidogo. Sponji na mifuko ya plastiki laini havifai, vinaoza na kushikana na mpini. Pwani kagua kila mwezi; Arusha au Nairobi kila miezi mitatu.

Mpini wa seluloidi utengwe kabisa. Plastiki hiyo ya zamani, yenye rangi za mawimbi kama lulu au gamba la kasa, ikianza kuoza hutoa mvuke wa asidi unaooza visu vyote vilivyomo chomboni. Itambue kwa kuisugua kwa dole gumba hadi ipate joto: hunuka kafuri. Usijaribu kwa sindano ya moto, inashika moto haraka.

Unaponunua, fungua bapa polepole na lisikilize. Springi nzima hulipeleka kwa nguvu na kulifunga kwa mlio mmoja mkavu. Tikisa bapa kushoto na kulia; likicheza, ribiti, yaani pini inayolishikilia bapa kwenye mpini, imelegea. Tazama mgongoni kama springi na bapa viko sawa kisu kikiwa wazi. Ribiti zinazong'aa kwenye mpini uliozeeka ni dalili kwamba kisu kilifunguliwa, pengine bapa likabadilishwa. Mikwaruzo inayopita juu ya herufi za chapa ni ya msasa. Na kisu kikifungwa, ncha ikichungulia nje ya mpini, bapa au kiungo kimeguswa.

Ndugu zangu, mkusanyaji asiyejua sheria hana mkusanyiko, ana ushahidi dhidi yake. Mpini wa pembe ya ndovu usinunue, usiuze, usivushe mpaka, hata kama ni wa babu. Usisogeze kitu kabla ya kuuliza mamlaka ya wanyamapori ya nchi yako. Mlioko Uingereza, kisu mnachoruhusiwa kutembea nacho bila sababu maalumu ni cha kukunja, kisichojifunga kwa kufuli, chenye makali yasiyozidi inchi 3, yaani sentimita 7.62. Opinel No. 8 ina pete ya kufungia, kwa hiyo haimo. Okapi haimo. Na ukiuza, sema kila ulichokigusa: ribiti uliyobadilisha, doa ulilokwangua, mpini uliougundisha. Anayeficha anawaharibia wote wanaokuja nyuma yake, maana soko letu ni dogo na watu wanajuana.

Katika safari ya ndege visu vyote viende kwenye sanduku linalopakiwa chini, ncha zikiwa zimefungwa kwa gome la boksi ili mkaguzi asijikate. Beba pia nakala ya orodha yenye picha, urefu wa bapa kwa sentimita na chapa ya kila kisu. Forodha wakiuliza, wape karatasi kabla hawajaanza kufungua vitambaa.