Majaribio Yanafaulu Nairobi, Yanafeli Bukavu

SWALI: Ndugu Mhariri, nachangia mradi mmoja wa programu huria ulioandikwa kwa lugha ya programu ya Java, unaoandaa orodha za bei na kuzihifadhi katika faili za CSV, yaani majedwali ya maandishi matupu. Kompyuta yangu nimeiweka katika Kifaransa cha Kongo. Kila ninapoendesha majaribio ya msimbo, manne hufeli: yanatarajia “1250.50”, nami napata “1250,50”. Wenzangu wa Nairobi hawana tatizo hilo, na msimamizi wa mradi amenishauri niibadilishe kompyuta iwe ya Kiingereza. Je, nimtii? — Mchangiaji, Bukavu

JIBU: Ndugu yangu, usiibadilishe, walau si kabla ya kulifikisha jambo hili mwisho. Agizo la String.format, lisipotajiwa lugha, huchukua mipangilio ya lugha na nchi ya mashine linamoendeshwa, yaani lokali, na katika Kifaransa sehemu ya desimali hutanguliwa na koma. Sasa fikiria faili yenyewe: katika CSV koma ndiyo inayotenganisha safu, kwa hiyo bei yako moja, ikiwa haikufungwa kwa alama za nukuu, itasomwa kama mbili, 1250 na 50. Mtumiaji yeyote aliye Bukavu, Paris au Berlin anapata faili mbovu bila onyo lolote. Majaribio hayo manne yamegundua kosa halisi, na ushauri wa msimamizi ungelificha tu.

Kabla ya kugusa msimbo, uliza kila neno au tarakimu inayotolewa itasomwa na nani. Ikiwa itasomwa na programu nyingine, kama ilivyo kwa CSV, taja lokali isiyofungamana na nchi yoyote: String.format(Locale.ROOT, "%.2f", bei). Fanyeni hivyo pia kwa toLowerCase na toUpperCase, maagizo ya kugeuza herufi kuwa ndogo au kubwa, mnapolinganisha majina ya safu au ya mipangilio, kwa sababu Kituruki kina herufi mbili za “i”, yenye nukta na isiyo na nukta, na neno “TITLE” likigeuzwa kuwa herufi ndogo kwenye mashine ya Kituruki huwa “tıtle”, ambalo halitalingana na “title” kamwe.

Maandishi yatakayosomwa na binadamu yabaki katika lugha ya mtumiaji, bali jaribio lenyewe litaje waziwazi lokali linayoipima. Hata hapo pana mtego. Nafasi inayotenganisha maelfu katika Kifaransa ilikuwa U+00A0 katika Java 8, lakini tangu Java 13 ni U+202F (hizi ni namba za utambulisho wa herufi katika Unicode). Kwa macho zote ni nafasi tupu, ila kwa jaribio linalolinganisha herufi kwa herufi ni vitu viwili tofauti. Hata watumiaji wa Kiingereza yaliwapata hayo katika Java 20, mwaka 2023, pale nafasi iliyo kabla ya AM na PM ilipobadilishwa vivyo hivyo. Kwa hiyo pimeni kazi ya msimbo wenu, msipime tahajia ya maktaba ya Java, ambayo hamna mamlaka nayo.

Wengine hutumia Locale.setDefault, agizo la kubadilisha lokali ya programu nzima, ndani ya jaribio. Mimi siipendi: isiporudishwa ilivyokuwa, huharibu majaribio yanayofuata, na majaribio yakiendeshwa sambamba, hata kuirudisha hakutoshi.

Lililo bora ni kuongeza kwenye seva ya majaribio mzunguko wa pili ulio katika Kituruki au Kifaransa. Mkitumia Maven, chombo cha kujengea programu za Java, kumbukeni kwamba majaribio huendeshwa katika mchakato tofauti, hivyo vigezo vya lugha vipitishwe kupitia argLine: -DargLine="-Duser.language=fr -Duser.region=CD". Mradi wa Apache Lucene, maktaba ya Java ya kutafutia maandishi, umekwenda mbali zaidi, kwani majaribio yake huchagua lokali kwa bahati nasibu kila yanapoendeshwa, na yakifeli huchapisha lokali hiyo pamoja na namba ya kuyarudia.

Utakapopeleka marekebisho, ambatisha faili moja ya bei iliyotengenezwa na msimbo wa zamani kwenye kompyuta yako, jinsi ilivyo, ili msimamizi aifungue mwenyewe aione safu ya ziada.