Maswali yenu: Buffalo Bills, waimbaji wanne bila ala

Makala yangu kuhusu Buffalo Bills wa Marekani, waliotamba kwa uimbaji wa mtindo wa kinyozi (barbershop), sauti nne bila ala, yameleta maswali mengi. Najibu haya.

Walikuwa vinyozi kweli?

Hapana. Al Shea, mshika wimbo wao, yaani mwenye sauti kuu, alikuwa polisi mjini Buffalo, jimbo la New York, walikoanzia mwaka 1947. Jina la mtindo linatokana na vibanda vya vinyozi vya karne ya 19, ambako Wamarekani Weusi wakisubiri zamu zao walibuni sauti papo hapo.

Walifikaje Broadway, kwenye kumbi za maigizo za New York?

Mwaka 1950 walitwaa ubingwa wa chama cha waimbaji wa mtindo huo, mjini Omaha. Mwaka 1957 wakaingia katika mchezo wa nyimbo, The Music Man, wakicheza wajumbe wanne wa bodi ya shule wasiopatana hata kidogo, mpaka tapeli mmoja awafundishe kuimba pamoja. Mchezo ule ulioneshwa mara 1,375, na kwenye filamu ya 1962 wamo tena.

Naongoza kwaya. Nani hushika wimbo?

Kwetu ni sauti ya kwanza, ile ya juu kabisa. Kwao ni ya pili kutoka juu. Teno hupita juu yake kwa wepesi, besi huweka msingi, baritoni huokota noti iliyobaki, mara juu ya wimbo, mara chini. Msikilize baritoni peke yake, hutajua anaimba wimbo gani. Mtoe, wote wanapwaya. Wakilingana barabara, irabu zikiwa moja, husikika noti ya tano ambayo hakuna anayeiimba! Jaribuni: simameni karibu karibu, shikeni "o" moja polepole, na kinanda kifungeni, maana noti zake hazilingani kikamilifu kama koo zinavyoweza.

Bado wapo?

Besi wao, Bill Spangenberg, alifariki 1963, Jim Jones akashika nafasi yake. Kundi lilivunjika 1967.

Mbona pichani wote ni Wazungu?

Chama kile cha waimbaji, kilichoanzishwa mjini Tulsa mwaka 1938, kiliwafungia Weusi mlango. Mwaka 1941 Grand Central Red Caps, waimbaji Weusi, walishinda shindano la New York wakazuiwa kwenda fainali za taifa. Al Smith, gavana wa zamani wa jimbo hilo, alijitoa chamani kwa kupinga. Marufuku ilidumu hadi 1963. Kwa hiyo Buffalo Bills, ninaowapenda mno, walipata ubingwa wao katika shindano ambalo wenye mtindo hawakuruhusiwa kupanda jukwaani.