Kabla ya Kufunga Prosesa, Kagua Soketi ya Ubao Mama

Ubao mama wa kwanza nilioununua kwa fedha zangu, yaani ubao mkuu wa kompyuta, haukuwahi kuwaka. Niliutoa kwenye boksi kwa pupa, nikatupa vipande vyote vya plastiki, na nilipogundua baadaye kwamba pini mbili za soketi, mahali inapokaa prosesa (chipu kuu ya kompyuta), zilikuwa zimepinda, sikuwa na njia ya kuthibitisha kwamba nilizikuta hivyo. Muuzaji alikataa kuupokea, kwani pini zilizopinda kwa kawaida huhesabiwa kuwa kosa la mtumiaji, wala waranti haizigusi.

Tangu hapo sihukumu boksi kwa mng'ao wake. Hutazama kona, kwa kuwa kona iliyobonyea huonyesha kwamba mzigo uliangushwa, kisha hulinganisha namba ya utambulisho iliyochapwa kwenye boksi na ile iliyobandikwa kwenye ubao wenyewe. Boksi kukosa lakiri hakunitishi, maana baadhi ya watengenezaji hawaiweki kabisa. Kinachonitia shaka ni mfuko uliokunjwa ovyo na antena za Wi-Fi zisizo na kifungashio, dalili kwamba huenda kuna mteja aliyerudisha bidhaa hiyo kabla yangu.

Mfuko wa rangi ya fedha huukinga ubao dhidi ya umeme tuli ukiwa ndani. Kwa kuwa una tabaka la metali, usiutandike chini ya ubao unapoujaribu kwa umeme. Kadibodi kavu ya boksi inafaa zaidi. Gusa kwanza chuma kisichopakwa rangi, kisha ushike ubao kwa kingo zake.

Kazi yenyewe iko kwenye soketi. Ile ya LGA1700, ya prosesa za Intel, ina pini 1,700 na ya AM5, ya prosesa za AMD, ina 1,718, zote nyembamba kiasi kwamba ncha ya kidole inatosha kuziharibu, ilhali kwenye AM4, soketi ya AMD iliyoitangulia AM5, pini ziko upande wa prosesa na soketi ina matundu tu. Ondoa kifuniko cha plastiki, mulika kwa tochi kutoka ubavuni, na ufuatilie safu moja baada ya nyingine: pini zilizo sawa hung'aa kwa mstari mmoja, na iliyopinda huuvunja mstari huo. Piga picha kadhaa za karibu, kisha urudishe kifuniko hadi wakati wa kufunga prosesa. Hata baada ya hapo usikitupe, kwa sababu vituo vingine vya huduma havipokei ubao usio nacho.

Kuhusu vifaa vya ziada, kebo mbili za SATA (za kuunganishia diski) na kijitabu cha maelekezo hunitosha. Stika sijawahi kujua ni za nani, na sidii ya draiva, yaani programu za kuendesha vifaa vya ubao, haina kazi kwenye kompyuta isiyo na mahali pa kuiingiza. Draiva mpya zipo kwenye tovuti ya mtengenezaji. Ninachotafuta kwa bidii ni skrubu za M.2, za kufungia diski ya SSD iliyo bapa juu ya ubao, ambazo ni ndogo kuliko punje ya mchele na zisizoweza kubadilishwa na skrubu za kawaida za kompyuta. Bila skrubu hiyo, au kishikizo kinachochukua nafasi yake kwenye mbao mpya, diski ya SSD hubaki imeinuka upande mmoja. Mimi huzifunga mapema kwenye matundu yake ubaoni, hata kama diski sijainunua bado.