Skrubu iliyonifundisha fildi

Wadogo zangu mnaojiandaa kwenda fildi kwa mara ya kwanza, niwasimulie habari ya skrubu moja.

Nilikuwa mwaka wa pili, uhandisi wa umeme, nimepangiwa kinu kimoja cha kusaga mahindi mkoani Morogoro. Mota ya kilowati 7.5, fezi tatu, ilikuwa inazima kila baada ya nusu saa hivi. Ovalodi (kifaa kinachokata umeme mota ikizidiwa) inatripu, yaani inakata, fundi anasubiri ipoe, anabonyeza kitufe, kazi inaendelea. Usumbufu ukizidi anapandisha seti, yaani kiwango cha mkondo cha kukatia, kidogo kwa bisibisi. Nikatoa daftari: volti 400, pawa fakta 0.85, ufanisi asilimia 87. Mota inatakiwa kuvuta kama ampia 14.6. Nikaomba klampu mita, ile ya kubana waya na kusoma mkondo. Fezi zote tatu, 14 na ushee. Nikatangaza kuwa mota ni nzima.

"Sasa injinia, mbona inazima?"

Sikuwa na la kusema. Darasani ovalodi ilikuwa kijistatili kwenye mchoro. Mkondo usipozidi, haikati.

Yule fundi, mzee, akasogeza pua kwenye paneli. Pananuka. Tukazima swichi kuu, tukahakikisha hakuna umeme, akanionyesha: waya mmoja unaoingia kwenye ovalodi, plastiki yake imegeuka kahawia na kukakamaa. Skrubu yake ilizunguka karibu mzunguko mzima ndipo ikakaza. Rangi ile alikuwa ameiona siku nyingi, akadhani ni uzee wa waya.

Hapo hesabu ikanirudia. Tuseme kiungo kilicholegea kina ukinzani wa omu 0.1 tu. Kikipitisha ampia 15, joto lake, I²R (mkondo mara mkondo mara ukinzani), ni wati 22.5, karibu sawa na kile chuma anachoyeyushia risasi fundi redio. Sasa chuma hicho umekiegemeza kwenye kifaa kinachokata kwa kuhisi joto! Ovalodi ya aina ile ina vipande vya bimetali (metali mbili zilizogandishwa pamoja) vinavyojipinda vikipata moto, na havijui moto umetoka kwenye mota au kwenye skrubu. Volti inayopotea pale ni 1.5; kwenye 400, nani atashtuka? Tukakata ncha iliyoungua, tukamenya upya, tukakaza, tukarudisha seti mahali pake. Mpaka namaliza fildi haikutripu tena.

Mzee alikuwa na pua, mimi nilikuwa na I²R, na kila mmoja peke yake alikuwa amekwama.

Kwa hiyo kabla ya kupima chochote, andika kwanza namba unayoitarajia. Bila hiyo mita itakupa namba yoyote nawe utaitikia "sawa". Halafu mfuate fundi, umuulize ameona nini, amenusa nini, hata kama hajui sababu. Na zile wiki za kupiga tupa karakanani msizikimbie (mimi niliziona adhabu). Mkono unajifunza pale tofauti ya skrubu iliyokaza na iliyogusa tu.

Logi buku, daftari la kazi zako za kila siku, usiijaze Jumapili usiku. "Leo tulifanya matengenezo ya mota" haimsaidii mtu. Ukihitimu na kuingia SEAP, mpango wa mafunzo kazini kwa wahandisi wapya wa Bodi ya Usajili wa Wahandisi, utaandika kazi zako chini ya mhandisi anayesoma kweli.

Kuhusu testa: ijaribu kwanza pale unapojua umeme upo, ndipo upime unapodhani haupo, kisha irudishe tena kwenye umeme. Testa mbovu nayo haiwaki.